Jua, Manjano na Bamba la Shaba: Njia Moja ya Kufundisha Utengenezaji wa Saketi

Shabaha ya makala haya ni kumweleza mwanachuo anayejiandaa kufundisha shule ya msingi jinsi bamba la saketi linavyotengenezwa nyumbani kwa kutumia shaba iliyopakwa utando unaohisi mwanga, na hasa jinsi ya kuigawa kazi hiyo baina ya mwalimu na wanafunzi wake. Upande wa ufundi si mgumu. Mtu yeyote mwenye subira, meza imara na chumba chenye giza kidogo anaweza kuumudu. Upande wa ualimu ndio ulionishinda mimi mwenyewe zaidi ya mara moja, na kwa sababu hiyo nitakaa nao kwa muda mrefu zaidi.

Mwanafunzi wa darasa la sita akiifungua redio iliyokufa, hakuti tena msitu wa nyaya kama ule uliokuwamo katika redio za zamani. Hukuta bamba gumu, la kijani au la hudhurungi, na juu yake njia nyembamba za shaba zinazopinda, zinazoachana na kukutana. Njia hizo ndizo nyaya zenyewe. Hazikuwekwa moja moja kwa mkono, bali zilichapwa zote kwa pamoja kama ukurasa wa gazeti unavyochapwa. Ulinganifu huu na gazeti si wa kubuni. Paul Eisler, mhandisi aliyezaliwa Vienna mwaka 1907, alikuwa amefanya kazi katika uchapaji kabla ya kuhamia Uingereza mwaka 1936, na huko ndiko alikounda redio yenye saketi iliyochapwa. Aliona kwamba kinachoweza kuchapwa kwa wino juu ya karatasi chaweza pia kuchapwa kwa chuma juu ya kihami.

Bamba tunalolizungumzia lina matabaka matatu. Tabaka la chini ni nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa utomvu wa viwandani, nalo aghalabu huwa na unene wa milimita 1.6. Hilo ndilo kihami. Juu yake pamebandikwa shaba yenye unene wa kama milimita 0.035, yaani nyembamba kuliko unywele. Juu ya shaba kuna utando unaohisi mwanga, uliofunikwa kwa karatasi ya plastiki nyeusi ili usiharibike kabla ya kazi. Utando huu hauhisi kila mwanga kwa kiasi kimoja. Huhisi hasa mwanga wa buluu, na zaidi ya hapo mionzi ya urujuanimno, ile isiyoonekana kwa macho na ambayo jua letu limejaa tele. Mwanga hafifu wa manjano hauudhuru, ndiyo maana mtu anaweza kufanya kazi chini ya balbu ya manjano bila wasiwasi.

Sehemu ya utando iliyopigwa na mionzi hiyo hubadilika kikemia, ikawa huyeyuka katika maji yenye kostiki soda kidogo. Sehemu iliyokaa kivulini haiyeyuki. Basi tukiweka juu ya bamba karatasi angavu yenye michoro ya wino mweusi, tukaanika juani, kisha tukaosha kwa maji hayo, utando utabaki pale tu palipokuwa na wino. Bamba likitumbukizwa katika feriki kloraidi, shaba iliyoachwa uchi huliwa, na shaba iliyofunikwa husalia. Kwa maneno mengine, kivuli ndicho kinachogeuka kuwa waya. Mwanafunzi akiielewa sentensi hiyo moja, ameuelewa mchakato wote. Asipoielewa, hata akikariri majina ya kemikali zote hakupata kitu.

Yafaa mwanachuo ajue pia kwamba kuna utando wa aina ya pili unaofanya kinyume: mwanga huufanya uwe mgumu, na kivuli ndicho kinachooshwa. Wazo hilo ni la kale. Mfaransa Nicéphore Niépce, katika miaka ya 1820, alipaka lami juu ya bamba la madini, akaiacha mwangani, kisha akaiosha kwa mafuta ya mrujuani. Lami iliyopigwa na mwanga iligoma kutoka; ile ya kivulini ikatoka. Kwa njia hiyo alipata picha, na kwa njia hiyo hiyo alichonga mabamba ya kuchapia kwa asidi. Kwa hiyo upigaji picha na utengenezaji wa saketi ni ndugu wa tumbo moja, na mwalimu anaweza kuwaeleza hivyo wanafunzi wake bila kutia chumvi.

Sasa tuje kwenye ualimu. Nimekaa nyuma ya madarasa mengi wakati wa mazoezi ya kufundisha, nikiwaangalia wanachuo wakifundisha somo linalofanana na hili, na nimeona kosa moja likijirudia. Mwanachuo huja na muda wa kuanika uliokwisha kuandikwa katika andalio la somo: dakika kadhaa, basi. Huja na vipimo vya kemikali vilivyokwisha kukokotolewa. Kisha, ili somo liwe la vitendo, huwaita wanafunzi wawili watatu mbele watikise sinia. Watoto hufurahi, na mwalimu huandika katika tathmini yake kwamba wanafunzi walishiriki kikamilifu. Lakini ebu tutazame ni nani aliyefanya nini. Kazi ya kufikiri, yaani kuamua ni mwanga kiasi gani unaotosha, imefanywa na mwalimu, au imefanywa na kiwanda kilichochapa karatasi ya maelekezo. Kazi ya hatari, yaani kushika kemikali, imekabidhiwa kwa mtoto wa miaka 12. Ugawaji huu umepinduka, na hapana budi upinduliwe tena. Mwanafunzi apewe mwanga na wakati. Mwalimu abaki na sumu.

Kwa bahati njema, jikoni kwetu kuna kitu kinachotuwezesha kufanya hivyo. Kila mwenye kufua nguo anajua kwamba doa la manjano, ile binzari ya kutia rangi chakula, likiguswa na sabuni hugeuka jekundu, na kwamba nguo hiyo ikianikwa juani siku kadhaa doa hufifia. Katika doa hilo moja mna mambo mawili tunayoyahitaji: kitu kinachobadilishwa na mwanga, na kimiminika kinachoyafanya mabadiliko hayo yaonekane wazi.

Mwalimu achukue vijiko 2 vya unga wa manjano, avitie katika robo kikombe cha spiriti, akoroge, aache unga utuame, kisha achuje kwa kitambaa. Kazi hii aifanye mwenyewe, mbali kabisa na moto. Wanafunzi wapake rangi hiyo kwa brashi juu ya karatasi nyeupe, nao wafanye hivyo kivulini, na karatasi zikaushwe ndani ya kabati au sanduku. Siku ya somo, kila kundi liweke juu ya karatasi yake jani lenye umbo la wazi. Mimi hupendelea jani la muhogo, kwa kuwa vidole vyake havimchanganyi mtu. Juu ya jani pawekwe kipande cha kioo ili jani lilale sawasawa, kisha karatasi ianikwe. Baada ya muda jani liondolewe, na karatasi ipakwe maji yaliyoyeyushiwa magadi kidogo, yale yale yanayotiwa katika maharage. Pale palipofunikwa na jani patageuka rangi ya hudhurungi nyekundu. Pale palipopigwa na jua patabaki pamepauka. Mwanafunzi amechapa jani kwa jua.

Sikutaja muda kwa makusudi. Huo ndio moyo wa somo, nami ningemsihi mwanachuo asiutaje darasani. Awaambie wanafunzi wakate karatasi ya manjano iwe utepe mrefu, waufunike kwa kadi nene isiyopitisha mwanga, na kila baada ya robo saa waisogeze kadi ili kipande kingine cha utepe kifunuliwe. Hatimaye utepe utakuwa na vipande vilivyopata jua kwa robo saa, nusu saa, robo tatu, saa nzima, na kuendelea. Ukipakwa magadi, utepe huo utasimulia habari yote kwa mfululizo wa rangi, na wanafunzi watachagua wenyewe ni kipande kipi kinachofaa. Kwa kuwa kipindi kimoja hakitoshi, utepe uanikwe kabla ya kipindi cha kwanza, na mwanafunzi wa zamu apewe saa ya kumkumbusha kusogeza kadi.

Makundi hayatapata jibu moja, na hapo ndipo mwanachuo mgeni hutoka jasho. Asitoke. Kundi lililoanika karibu na mwembe litahitaji muda mrefu kuliko lile lililoanika uwanjani. Kundi lenye kioo kichafu litatofautiana na lenye kioo safi. Mawingu yakipita, kila mtu ataharibikiwa. Mwalimu aandike majibu yote ubaoni, kisha aulize: kwa nini? Mwaka mmoja msichana mmoja alisema kwamba kundi lake liliwahi sana kupata rangi kwa sababu walipaka manjano mepesi, hivyo jua lilikuwa na kazi ndogo. Sikuwa nimelifikiria jambo hilo katika andalio langu. Alikuwa na haki, na unene wa utando ni jambo ambalo hata watengenezaji wa mabamba ya shaba hulihangaikia.

Tofauti moja lazima isemwe darasani, kwa maana mfano usipowekewa mipaka hugeuka kuwa uongo. Manjano hupauka tu, hayaoshwi yakatoka. Utando wa bamba huoshwa ukatoka. Magadi hapa yanaonyesha, na kostiki soda kule inaondoa.

Baada ya somo la manjano, ndipo mwalimu alete bamba la shaba, alitengeneze mwenyewe mbele ya darasa au alimalize nyumbani na kuleta vipande vya kila hatua. Saketi iwe sahili kabisa: betri 2 za tochi zenye jumla ya volti 3, taa 1 ndogo nyekundu ya LED, na rezista 1. Taa hiyo hutumia kama volti 2, hivyo volti 1 iliyobaki huangukia kwenye rezista. Rezista ikiwa ya omu 100, mkondo utakuwa ampea 0.01, nao unatosha kuiwasha taa bila kuiunguza. Hesabu hii wanafunzi wa darasa la saba wanaimudu.

Mchoro wachore wanafunzi. Wauchore kama wanavyoiona saketi kutoka upande wa vipuri, kwa wino mweusi mzito, juu ya karatasi angavu. Wakati wa kuanika, upande wenye wino ugusane na shaba. Kuna sababu mbili. Kwanza, mchoro uliogeuzwa hivyo ndio utakaokaa sawa upande wa shaba. Pili, wino ukiwa juu ya karatasi badala ya chini yake, mwanga hupenya kwa mshazari katika unene wa karatasi na kuzila kingo za njia. Wino ukiwa hafifu, zipandanishwe karatasi mbili zenye mchoro mmoja. Nimeona mabamba mengi zaidi yakiharibika kwa wino hafifu kuliko kwa kemikali mbaya.

Hapo tena kipande cha kujaribia ndicho hakimu. Kikatwe kipande cha bamba chenye upana wa sentimita 2 na urefu wa sentimita 10, kiwekewe mistari myembamba ya wino, na kadi isogezwe kila baada ya dakika 1. Wanafunzi waliokwisha kufanya hivyo kwa manjano watajua la kufanya bila kuelekezwa. Kuanika kwaweza kufanywa kwa jua, au kwa mirija ya taa ya urujuanimno ile inayotumika kukagulia noti. Lakini taa za kuulia vijidudu zisitumiwe kamwe, kwa kuwa mionzi yake huumiza macho na ngozi. Kioo cha kawaida cha dirisha hakizuii kazi.

Kuosha utando, au kama mafundi wa picha walivyozoea kusema, kusafisha, hufanywa kwa gramu 7 hadi 10 za kostiki soda katika lita 1 ya maji yasiyo ya moto. Soda ndiyo itiwe katika maji, taratibu. Maji yasimwagwe juu ya soda, kwani joto lake hurusha matone. Miwani ya kukinga macho na glavu zivaliwe. Bamba lililopata mwanga wa kutosha huachia utando wake kama moshi wa rangi ndani ya maji, na katika dakika 1 au 2 kazi imekwisha. Lisipoachia, mwanga ulikuwa mdogo. Likiachia kila kitu, pamoja na mistari, mwanga ulizidi au soda ilikuwa kali mno.

Mambo hayo mawili ya mwisho niliyajua kwa gharama yangu. Nilipokuwa mkufunzi mpya niliandaa onyesho mbele ya wanachuo 40. Karatasi ya maelekezo iliyokuja na bamba ilitaja dakika, nami nikazifuata. Sikujali kwamba dakika hizo zilihesabiwa kwa taa ya mirija iliyo karibu, na mimi nilikuwa nikianika saa kumi alasiri chini ya wingu. Utando haukutoka. Badala ya kusimama na kufikiri, niliongeza soda. Haukutoka. Nikaongeza tena, na mara ukatoka wote, mistari na yote, nikabaki nimeshika bamba la shaba linalong'aa kama sarafu mpya. Wanachuo walikuwa na adabu. Hawakucheka mpaka nilipotoka. Bamba lilikuwa la pekee, na lilikuwa limenunuliwa kwa fedha za mshahara wangu.

Kosa la pili lilikuwa zito zaidi, na ndilo lililonifanya niandike makala haya. Mwanachuo wangu mmoja, kijana hodari, alikwenda mazoezini akiwa na kimiminika cha kusafishia utando alichokichanganya chuoni. Alikibeba katika chupa ya maji ya kunywa. Kimiminika hicho ni cheupe kama maji na hakina harufu. Aliiweka chupa juu ya meza ya mwalimu, kengele ya mapumziko ikalia, watoto wakatoka kucheza, wakarudi na kiu. Mimi nilikuwa nimekaa dawati la nyuma nikijaza fomu ya tathmini. Niliinua macho nikamwona mvulana ameishika chupa na amekwisha kufungua kizibo. Nilipiga ukelele uliolishtua darasa zima, naye akaiangusha. Hakuna aliyeumia. Jioni mwanachuo yule aliniuliza kama nitamfelisha. Nilimjibu kwamba katika mihadhara yangu yote nilitaja gramu, dakika na joto, wala sikuwahi kutaja chupa.

Basi nazitaja sasa. Kimiminika chochote cha kazi hii kisiwekwe katika chombo kilichowahi kubeba kinywaji au chakula. Chupa iwe ya plastiki, iandikwe jina na neno SUMU kwa maandishi makubwa, na ifungiwe kabatini kabla na baada ya somo, ufunguo ukiwa mfukoni mwa mwalimu. Ndoo ya maji safi iwe karibu wakati wote. Soda ikimrukia mtu machoni, macho yaoshwe mara moja kwa maji mengi yanayotiririka, kwa muda usiopungua dakika 15, kisha apelekwe kwa mganga bila kusubiri kuona kama maumivu yatapungua.

Feriki kloraidi inahitaji maelezo machache tu. Ni ya rangi ya kahawa nzito, na huacha madoa yasiyotoka kwenye nguo. Isiwekwe katika sufuria wala sinia la bati, kwani hula madini. Plastiki ndiyo ifaayo. Kila atomi 1 ya shaba huhitaji molekuli 2 za feriki kloraidi ili iyeyuke. Kikiwa na joto la nyuzi 40 hivi, kimiminika hiki humaliza kazi katika dakika 10 hadi 20, na njia rahisi ya kukipasha ni kuliweka sinia lake ndani ya beseni la maji ya moto. Sinia litikiswe polepole na mwalimu, na wanafunzi wasimame mbali kiasi, upande ambao upepo unatokea. Kazi ikiisha, kimiminika kirudishwe chupani, kwa kuwa chaweza kutumika mara nyingi. Kisimwagwe mtaroni wala shambani: shaba iliyomo ndani yake huua samaki na mimea ya majini. Kikichoka kabisa, kitiwe magadi au chokaa kidogo kidogo, kwani hutoa povu, mpaka matope yatuame. Matope hayo yahifadhiwe na kukabidhiwa panapopokelewa taka za maabara.

Bamba likishaoshwa, utando uliosalia hufutwa kwa spiriti, matundu hutobolewa kwa kekee ya milimita 1, na vipuri hulehemiwa. Kulehemu ni kazi ya mwalimu vilevile, ila mwanafunzi wa darasa la saba aliyefundishwa vizuri anaweza kujaribu kiungo kimoja akiwa amesimamiwa kwa karibu. Betri aunganishe mwanafunzi yule aliyechora mchoro, si yule anayependwa na mwalimu.

Vipande vya bamba vitakavyobaki vifunikwe tena kwa karatasi yake nyeusi na vihifadhiwe mahali penye baridi na giza. Utando huzeeka, na bamba lililokaa miezi mingi halitaki tena dakika zile zile lililotaka lilipokuwa jipya. Kwa hiyo muhula ujao, hata kama jedwali la mwaka jana bado limebandikwa ukutani, darasa lianze tena na kipande cha kujaribia, na jedwali la zamani libaki pale ili wanafunzi walilinganishe na lao.